Pangani: barabara inarudi, je, itasimama au itapita?

Daraja la Pangani linajengwa. Litakuwa na urefu wa mita 525, na litaunganisha upande wa Pangani mjini na upande wa Bweni, ambako kwa miaka yote watu wamevuka kwa pantoni, mitumbwi na ngalawa. Daraja hili ni sehemu ya barabara ya lami ya Tanga, Pangani, Saadani hadi Bagamoyo, yenye urefu wa kilomita 256, inayojengwa na Serikali kupitia TANROADS kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika.

Wasikilizaji wetu wengi wanauliza maswali yanayofanana. Daraja likikamilika, mji utachangamka? Shamba la marehemu babu lililoko kando ya barabara tuuze sasa au tusubiri? Na wale wanaoishi kwa kuuza maji, mihogo na samaki pale kwenye pantoni watakula wapi?

Hatuwezi kuyajibu bila kurudi nyuma kidogo, maana si mara ya kwanza kwa Pangani kuletewa habari ya njia mpya. Mji huu uliwahi kutajirika kwa sababu njia ilipita kwake, kisha ukafifia njia ilipohamia kwingine. Kilichoubadilisha si uvivu wa watu wake, kama baadhi ya wageni wanavyopenda kusema.

Mji uko wapi

Pangani uko kilomita kama 50 kusini mwa jiji la Tanga. Ukitoka Tanga unapita Tongoni, penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale yenye nguzo, kisha Kigombe kwa wavuvi, halafu unaingia Pangani kwenye ukingo wa kaskazini wa mto. Ng'ambo ni Bweni. Ukiendelea kusini utakutana na Ushongo, Kipumbwi na Mkwaja, hadi mpaka wa Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Ni makao makuu ya wilaya, lakini ni mji mdogo. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta wilaya nzima ina watu 54,000 hivi. Watu wake ni Wazigua, Wabondei, Wasegeju, Wadigo, Waarabu wa tangu enzi, na watoto na wajukuu wa waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge.

Kinachoufanya mji uwe mji ni mto. Mto Pangani unaanzia kwenye miteremko ya Kilimanjaro na Meru, unapokea maji ya milima ya Upare na Usambara, unapita Korogwe na Hale, kisha unamwaga maji baharini hapa. Kwa hiyo mvua ya Moshi na kiu ya Arusha ni habari za Pangani pia. Tutalirudia jambo hilo.

Ulipokuwa lango la bara

Katika karne ya 19 Pangani ulikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya Mrima, pamoja na Bagamoyo na Saadani. Misafara iliondoka hapa kufuata bonde la mto kwenda Upare, Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, ikibeba nguo, shanga na waya, na ikarudi na pembe za ndovu. Mwaka 1857 Waingereza Burton na Speke walipita Pangani wakielekea Vuga kumwona Kimweri, mfalme wa Usambara. Hata kwao, njia ya kuingia bara ilianzia hapa.

Bonde la mto nalo lilikuwa na mashamba ya miwa. Sukari guru na asali ya miwa vilipakiwa majahazini kwenda Unguja na Arabuni. Lakini tuseme ukweli wote: mashamba yale yalilimwa na watumwa, na mji huu uliwauza watu na kuwasafirisha. Majengo ya zamani ambayo leo tunawaonyesha watalii yamebeba habari hiyo ndani ya kuta zake. Si busara kumweleza mgeni habari za milango ya nakshi na kumficha hiyo nyingine.

Mwaka 1888: bendera, kodi na ardhi

Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Mkataba uliipa kampuni mamlaka ya kutawala pwani kwa jina la Sultani, kukusanya ushuru, na kuishika ardhi iliyohesabiwa kuwa haina mwenyewe. Watu wa Pangani hawakuulizwa.

Agosti mwaka huohuo mwakilishi wa kampuni, Emil von Zelewski, alifika Pangani kushika madaraka. Ugomvi ulianzia kwenye bendera, lakini chini yake kulikuwa na hofu kubwa zaidi: nani atatoza ushuru bandarini, na nani atathibitisha shamba ni la nani? Watu ambao mipaka yao ilijulikana kwa minazi na kwa ushahidi wa majirani waliona kwamba atakayekuja na karatasi anaweza kuwaambia hawana kitu.

Mji ukalipuka, na Zelewski akazuiwa asitoke hadi alipookolewa kwa msaada wa watu wa Sultani. Vita vikaenea pwani nzima chini ya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani. Ujerumani ikamtuma Hermann von Wissmann na jeshi, na Pangani ukatekwa Julai 1889. Abushiri alikamatwa na kunyongwa hapahapa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Zelewski mwenyewe aliuawa mwaka 1891 kule Lugalo, alipopambana na Wahehe wa Mkwawa.

Vitabu vingi vya shule huiita habari hii vita vya Abushiri na kuishia kwenye kamba ya kunyongea. Sisi tunaikumbusha kwa sababu ya lile neno, ardhi isiyo na mwenyewe. Kila njia kubwa inapokuja pwani, neno hilo hurudi likiwa limevaa nguo nyingine.

Reli ilipopita kwingine

Baada ya vita Wajerumani walitaka kupeleka mazao ya milimani baharini kwa treni. Walikuwa na miji miwili ya kuchagua. Pangani ulikuwa na jina na wafanyabiashara, lakini mlango wa mto una fungu la mchanga ambalo majahazi huweza kulipita maji yakijaa, ilhali meli kubwa za moshi zilishindwa. Tanga ulikuwa na ghuba yenye kina na kinga ya upepo. Mwaka 1893 ujenzi wa reli ulianza Tanga, na mwaka 1911 ikafika Moshi.

Hapo ndipo hesabu ya Pangani ilipobadilika. Mzigo wa Kilimanjaro, uliokuwa ukishuka kwa miguu ya wapagazi hadi kwenye mto, sasa ulipanda behewa na kuteremkia Tanga. Wafanyabiashara wakaufuata, na ofisi za Serikali zikawafuata wafanyabiashara. Kilichoufifisha mji si bomu wala njaa. Uliachwa kando tu.

Mkonge uliuinua tena

Mwaka huohuo wa 1893 kulitokea jambo jingine. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, ambako ulikuwa umefikishwa kutoka Yucatan, Mexico. Safari ilikuwa ndefu kupitia Ujerumani, na miche mingi ilikufa njiani. Iliyosalimika hadi kupandwa ni 62 tu, na ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani.

Kutoka kwenye miche hiyo 62 ilizaliwa sekta iliyoijulisha Tanganyika duniani. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Manamba walikuja kutoka mbali, bara na hata nje ya mipaka, na mashamba ya Pangani yakawa na kambi, maduka, shule na zahanati.

Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaporomoka, na mashamba mengi yakawa pori. Waliobaki walirudi kwenye minazi, mihogo, ufuta na uvuvi. Mara ya pili, mji uliumia kwa jambo lililoamuliwa mbali nao. Mkonge sasa umeanza kutafutwa tena, lakini ajira si ya maelfu kama zamani.

Mto unapungua, bahari inasogea

Hapa ndipo tunaporudi kwenye mvua ya Moshi. Juu ya mto kuna wakulima wengi wa umwagiliaji, miji inayokua na mabwawa ya umeme: Nyumba ya Mungu lililojengwa miaka ya 1960, Hale lililoanza mwaka 1964, na Pangani Mpya, lenye megawati 68, lililoanza mwaka 1995. Kila mmoja huko juu ana haja yake ya haki. Lakini maji yanayofika mlangoni ni yale yaliyobaki.

Mto ukipungua nguvu, bahari huingia ndani. Wakulima wa bondeni wanalijua hilo bila kupimiwa: maji ya kisima yanabadilika ladha, mpunga unanyauka, minazi iliyokuwa ikizaa inabaki makuti matupu. Upande wa mbele bahari inakula ukingo wa mji, na ndiyo maana ukuta wa kuzuia mawimbi umejengwa.

Anayebisha aende Maziwe. Kisiwa hiki kilicho mbele ya Pangani kilikuwa na miti, na kasa walikuja kutaga kwa wingi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yakipwa na kumezwa yakijaa. Wavuvi wazee waliopumzika kivulini pale bado wako hai. Hii si hadithi ya karne nyingi, imetokea katika umri wa mtu mmoja.

Tunaieleza katika habari ya barabara kwa sababu wanaotafuta viwanja leo wengi wanataka ufukwe. Wanauziwa mahali ambapo bahari nayo inapataka.

Barabara italeta nini

Kwa sasa mtu wa Tanga anayekwenda Dar es Salaam hupita Muheza na Segera, kisha Chalinze, au hukatia Msata kwenda Bagamoyo. Barabara ya pwani ikikamilika, gari litatoka Tanga, livuke Pangani, lipite Mkwaja na Saadani, litokee Bagamoyo. Kwa upande wa kaskazini itaungana na Horohoro, na kuendelea Lunga Lunga hadi Mombasa na Malindi. Kwa mara ya kwanza tangu enzi ya misafara, Pangani utakuwa katikati ya njia, si mwisho wa njia.

Faida zake si za kubahatisha. Mama mjamzito wa Mkwaja au Bweni anayehitaji hospitali ya wilaya usiku hatasubiri pantoni. Samaki wa Kipumbwi watafika sokoni wakiwa na macho maangavu. Mwenye mbata, ufuta au nanasi hatalazimika kukubali bei ya kwanza ya mnunuzi kwa sababu tu ndiye aliyefika na gari. Na mgeni wa Saadani ataweza kulala Pangani na kuutembelea mji wa kale.

Lakini barabara ina upande wake wa pili. Inampunguzia mkulima gharama ya kutoka, na inampunguzia mfanyabiashara mkubwa gharama ya kuingia. Boti za nje zenye nyavu kubwa zina soko la haraka sasa. Wakata mkoko na wachoma mkaa nao hupenda lami. Na kwa wale wa pantoni, tusiwadanganye: biashara ya kusubiri itakwisha. Watu hununua mihogo ya kukaanga, madafu na vocha kwa sababu wamekwama. Asiyekwama hanunui.

Tumeyaona haya Rufiji. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Lindi na Mtwara ilitegemea pantoni, na waliosubiri walihitaji chakula na mahali pa kulala. Leo basi linavuka daraja lile kwa dakika moja. Linasimama pale tu ambapo dereva ameona choo, chakula na kituo kilichopangwa. Segera nao si mji wa kale wala si bandari, lakini magari yanasimama kwa sababu pana njia panda na watu waliojiandaa kuwauzia wasafiri.

Kwa hiyo swali la Pangani ni kama kuna kitu cha kumfanya msafiri asimame, na kama atakayemuuzia kitu hicho atakuwa mtu wa Pangani. Hilo la pili linategemea ardhi.

Kabla hujauza

Madalali wamekwishafika. Tunazungumza na wazee waliouza ekari za minazi kwa bei iliyoonekana kubwa siku ile na ndogo mwaka uliofuata. Kuuza si dhambi, mali ni yako. Ila yapo mambo ambayo sheria inasema na watu wengi hawayajui.

Kwanza, ardhi ya kijiji ina utaratibu. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuridhia. Mwenyekiti peke yake, hata akiwa na mhuri, si kijiji. Ukisikia eneo la malisho au la makaburi limetolewa, uliza mkutano uliridhia lini, na muhtasari uko wapi.

Pili, unaweza kupata hati ya hakimiliki ya kimila kwa shamba lako la kijijini. Kwa viwanja vilivyopimwa ndani ya mji, utaratibu unapitia halmashauri ya wilaya. Kwa vyovyote, pata karatasi kabla ya kuletewa karatasi. Babu zetu wa 1888 walikuwa na minazi na majirani wa kuwashuhudia, na bado waliogopa.

Tatu, nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya mwenza. Mume anayeuza kimyakimya na mke anayesikia kwa majirani ni kesi tunayoipokea mara nyingi mno.

Nne, asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, na kwa kupitia mamlaka ya taifa ya uwekezaji. Anayekuomba uandike shamba kwa jina lako kwa niaba ya mgeni anakuingiza kwenye matatizo.

Tano, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari na mto. Kiwanja cha kugusa maji kinaweza kuwa kiwanja cha kubomolewa. Na ukikumbuka Maziwe, utaona sheria ina akili.

Sita, kama barabara inachukua eneo lako, sheria inataka fidia kamili, ya haki na inayolipwa kwa wakati. Uthamini ukishaidhinishwa, malipo yanatakiwa ndani ya miezi sita, na yakichelewa yanaongezewa riba. Hakikisha mthamini ameandika kila mnazi, mwembe na kaburi, na ubaki na nakala ya fomu uliyotia saini.

La kuuliza mkutanoni

Ardhi ni upande mmoja. Upande wa pili ni mipango ya mji wenyewe, na hiyo haipangwi Dodoma peke yake. Diwani na halmashauri wana nafasi kubwa. Kwa hiyo katika mkutano ujao wa mtaa au kijiji, tunashauri watu waulize haya.

Stendi na maegesho ya malori yatakuwa wapi, na vibanda vya mama lishe vimetengewa nafasi humo au watafukuzwa kama uchafu? Wanaofanya biashara kwenye pantoni watahamishiwa wapi kabla daraja halijafunguliwa? Kuna chumba cha baridi au kiwanda cha barafu kwa ajili ya samaki, ili mvuvi asiuze kwa hofu ya kuoza? Majengo ya kale yatakarabatiwa na nani, na vijana wa mji watafundishwa kuwa waongoza watalii, au kazi hiyo itafanywa na wanaokuja na basi la wageni? Na wanaogawana maji ya mto juu huko, nani anaisemea Pangani kwenye vikao vya Bonde la Mto Pangani?

Haya si maswali ya kupinga maendeleo. Hakuna mtu wa Bweni mwenye mgonjwa anayepinga daraja. Ni maswali ya watu ambao njia imewahi kuwaacha na hawataki iwapite tena, safari hii ikiwa mlangoni kwao.

Mwaka 1888 mkataba uliandikwa bila wao. Mwaka 1893 reli ilianza kujengwa bila wao. Safari hii kuna mkutano mkuu wa kijiji, kuna diwani, kuna sheria iliyoandikwa kwa Kiswahili, na kuna redio. Ndugu msikilizaji, tangazo la mkutano likibandikwa kwenye mwembe wa ofisi ya kijiji, lisome, na siku ikifika uende.